Fahamu: Kwa nini Meru haitabiriki

Aprili 1, 2012, Joshua Nassari wa CHADEMA alimshinda Sioi Sumari wa CCM katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, ingawa Sioi aliwania kiti kilichoachwa na marehemu baba yake. Ardhi ilitawala kampeni. Wameru, wenyeji wa jimbo hilo, hawajasahau 1951, serikali ya kikoloni ilipowafukuza Ngare Nanyuki kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa.

Katika jimbo la Arusha Mjini, Godbless Lema wa CHADEMA alishinda 2010 na 2015. Lakini kuiita Arusha ngome ya upinzani ni kurahisisha mno: 2020 CCM ilimsimamisha Mrisho Gambo, akatangazwa mshindi. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura.