Fukwe za Dar: Mtazame Mwezi Kwanza

Mtu akishajua kwamba nimezaliwa Msasani na kwamba baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, swali lake huwa lilelile: "Mwalimu, ufukwe upi mzuri hapa Dar?" Nami humuuliza anakwenda siku gani, na saa ngapi. Wengine hudhani nawakwepa. Sikwepi hata kidogo. Ufukwe uleule unaweza asubuhi kuwa uwanda wa mawe na mwani usioogeleka, ikifika alasiri ukawa na maji safi ya kifuani. Anayekwenda bila kujua maji yako wapi anaweza kupoteza nauli na siku nzima ya familia.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku wakati wake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, huja bamvua. Maji hupanda sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Juma moja baadaye ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa shika hili, maana ndilo litakalokufaa: hapa Dar, siku za bamvua maji hujaa kama saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri, na hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa yamejaa saa 4 au saa 5 asubuhi. Baba hakuwa na jedwali lolote la maji. Alitoka nje usiku, akatazama mwezi, akajua kesho ashushe chombo saa ngapi asije akapwelewa.

Tuanze na Coco, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Upande huu wa Oysterbay unatazama bahari kuu moja kwa moja, na chini yake ni jiwe la matumbawe ya kale, mchanga umekaa katikati ya miamba. Nenda Jumapili alasiri uone jiji zima limehamia pale: watoto na maputo, vijana na mipira, wauza madafu, moshi wa mishikaki. Muhogo wa Coco unastahili safari peke yake. Unamenywa, unachomwa juu ya makaa hadi upasuke, kisha muuzaji anaupasua kwa kisu kwa urefu, anapaka pilipili na chumvi kwenye ule ufa ungali unatoa mvuke, anaweka kachumbari pembeni. Kula ukiwa umesimama.

Kuogelea Coco ni habari nyingine. Maji yakijaa na upepo wa kusi ukivuma, mawimbi yanagonga jiwe kwa nguvu na kuna mikondo inayomvuta mtu kilindini. Usimwache mtoto aingie hata kama anajua kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Mimi napenda Coco asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yametoka mbali. Jiwe lote liko wazi, na katika vidimbwi vilivyobaki utaona samaki wadogo wenye milia, kaa wanaokimbilia nyufani, na viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambao ndio sababu ya kuvaa viatu. Utakuta pia kijana na kijiti, anachokoa tundu baada ya tundu akitafuta pweza. Mtazame anavyofanya kabla hajakitia kijiti: huangalia vipande vya magamba ya kome na kaa vilivyotupwa mlangoni pa tundu. Pweza hula nyumbani na mabaki huyatupa nje, kwa hiyo anayejua kuyasoma hapotezi muda.

Kwetu Msasani sikupeleki kuogelea. Rasi inaukinga mwambao wetu na kusi, ndiyo maana wavuvi wamefunga vyombo hapo tangu zamani. Ni pwani ya kazi. Njoo uone mnada wa samaki, ununue, uende zako. Kutoka upande huohuo wa rasi huondoka boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo.

Ukitaka mchanga mweupe na maji unayoona hadi chini, panda boti. Bongoyo na Mbudya, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Kuna kiingilio, na tofauti yake utaiona ukivaa miwani ya kuzamia, kwani matumbawe bado yapo na samaki wapo. Mbudya huendewa kutoka Kunduchi, mwendo mfupi tu. Ufukwe wake mkuu uko upande unaotazama bara, kwa hiyo hata kusi likivuma maji huwa matulivu kuliko Coco. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa ya vuguvugu na ndio wakati wake hasa. Agiza samaki mapema, maana wanakaangwa ukishafika.

Kunduchi kwenyewe kunanitia simanzi. Ni mji wa kale. Magofu ya msikiti wake na makaburi yenye minara yanasimulia watu waliofanya biashara hapa karne nyingi kabla ya Dar es Salaam kuwepo. Lakini ufukwe wake umeliwa, na kwa miaka mingi bahari imekuwa ikisogea kwenye majengo. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu hivi: mchanga wa pwani hauzaliwi baharini wote, sehemu kubwa huletwa na mito, kama Tegeta na Mbezi. Watu wakichimba mchanga mtoni kwa ajili ya matofali, pwani haipati riziki yake, na mawimbi yanaendelea kuchukua kama kawaida. Matumbawe yakivunjwa kwa baruti, wimbi linafika na nguvu zake zote. Kisha mwenye kiwanja anajenga ukuta kujikinga, wimbi linagonga ukuta, linarudi na mchanga wa mbele yake, na jirani asiye na ukuta anaumia zaidi.

Kigamboni ni dunia nyingine. Unavuka kwa pantoni Magogoni, au unapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, kisha unafuata barabara ya kusini. Mjimwema kuna fukwe pana za familia. Ukiendelea hadi Gezaulole na Kimbiji watu wanapungua, minazi inaongezeka, na bahari inakuwa wazi zaidi, ya kutazamwa kuliko kuchezewa. Kwenye fukwe za huko kusini kasa bado hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Ukibahatika kumwona, zima tochi, kaa mbali, nyamaza. Mwanga humfanya arudi baharini bila kutaga.

Nimesema habari ya maji kwa kirefu kwa sababu kuna jambo jingine linaloambatana nayo. Ufukwe wa umma ni ile nafasi kati ya maji yaliyojaa na ardhi ya watu. Mahali ambapo kuta zimesogezwa hadi mchangani, maji yakijaa siku za bamvua hapabaki ufukwe kabisa, na mwananchi anayetembea anakwama kati ya wimbi na ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka pwani. Hata hivyo vichochoro tulivyopita tukiwa watoto kwenda baharini, vingi leo vina mageti. Naumia kila ninapomwona mtoto wa Dar es Salaam anayeishi kilomita moja kutoka baharini na hajui afike vipi.

Kwa hiyo wewe msomaji unayeishi mitaa ya pwani, kuanzia Mbweni hadi Kimbiji, nenda kwenye mkutano wa serikali ya mtaa wako. Uliza kila njia ya kwenda baharini imeandikwa wapi na ina upana gani. Isiyoandikwa, dai iandikwe, kabla mtu hajajenga juu yake.