Mgodi unaoimba

Mpelekee muuza filamu wa mtaani Neptune Frost, umwombe aipange. Kwenye za mapenzi? Za mapigano? Za kutisha? Filamu hii ya mwaka 2021, ya Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman wa Rwanda, ni ya muziki, ni bunilizi ya kisayansi, ni ya siasa, na penzi limo.

Ilirekodiwa Rwanda, lakini kisa chake ni cha Burundi. Matalusa anachimba koltani. Ndugu yake, Tekno, anauawa na mlinzi mgodini, mbele ya wachimbaji wenzake. Msiba unageuka ngoma na wimbo papo hapo, na mtazamaji hapewi nafasi ya kukaa pembeni akisikitika.

Kwangu hapa ndipo ilipo siri ya mchanganyiko huu wa tanzu. Koltani hutoa tantalamu, inayoingia kwenye simu zetu. Taarifa za habari kuhusu migodi hiyo tumeziona tele: vumbi, mikono mitupu, na sauti ya mgeni akieleza. Mchimbaji huonekana, ila mara chache husikika. Wimbo humpa sauti yake mwenyewe. Kisha bunilizi ya kisayansi inampa kisichopatikana katika taarifa yoyote: uwezo. Matalusa anakimbilia kwenye kambi ya wadukuzi iliyojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na kutoka huko wanaivamia mitandao ya dunia nzima. Aliyechimba madini ya simu sasa anaiamuru simu. Utanzu mmoja usingefika hapo.

Neptune mwenyewe, mdukuzi mwenye jinsia mbili, anachezwa na waigizaji wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja. Mavazi ya Cedric Mizero yamebeba nyaya na vipande vya kompyuta. Hayo peke yake yanatosha kukulipa muda wako.

Ni kweli hadithi inatawanyika katikati, na anayetaka kisa kilichonyooka atachoka. Avumilie. Wahusika wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakihama lugha kama watu wa Maziwa Makuu wahamavyo kila siku sokoni. Filamu kama hii inastahili ukumbi uliojaa Bujumbura, Goma na Kigoma, mbele ya watu wanaoielewa bila kusoma tafsiri chini ya picha.