Ndege Zilizokatiza Mazungumzo Port Reitz

Waliokulia Port Reitz au Magongo miaka ya 1990 wanaijua sauti ya Boeing 737-200. Kenya Airways iliitumia kati ya Nairobi na Mombasa, na ikiruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi, mazungumzo yalisimama mpaka ipite.

Chanzo kilikuwa injini yake, JT8D. Ni nyembamba, hutema gesi ya moto kwa kasi kubwa, na gesi hiyo ikikutana na hewa iliyotulia huvurugika kwa kishindo. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kuwa nguvu ya kelele hiyo hupanda kwa kipeo cha 8 cha kasi. Maana yake ni kwamba ukipunguza kasi kwa nusu, inabaki sehemu 1 tu kati ya 256. Kwa hiyo dawa ni feni pana inayosukuma hewa nyingi polepole. Katika JT8D, hewa inayopita nje ya kiini cha injini inakaribiana na ile inayopita ndani. Katika CFM56-3, injini ya 737-300, ni kama mara 5.

Mbona basi hawakubadilisha injini tu? Ndege za DC-8 zilibadilishwa, 110 kwa jumla, katika miaka ya 1980. Zile zilikuwa na miguu mirefu. 737-200 imeinama karibu na ardhi, na injini zake zimebanwa chini ya bawa. Feni pana ingegusa lami. Hata Boeing, ilipounda 737-300, ililazimika kuisogeza injini mbele ya bawa na kuubapaza upande wa chini wa ganda lake.

Kilichobaki kwa ndege za zamani ni vifaa vya kupunguza kelele: kichanganyaji cha gesi moto na hewa baridi, na bitana ya kufyonza sauti. Vinaongeza uzito, na injini inabaki ileile. Kwangu hayo ni matengenezo ya kupita mtihani tu.

Kenya Airways ilinunua 737-300 kuanzia 1997, na huo ndio uliokuwa uamuzi wa maana kwa Port Reitz na Magongo. Marekani ilipiga marufuku ndege kubwa zisizotimiza kiwango cha kelele mwishoni mwa 1999, Ulaya Aprili 2002. Nyingi zikapata wanunuzi Afrika. Wenye masikio chini ya njia zao hawakuulizwa.

Siku hizi ndege mpya inapotua, sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye magurudumu na vibawa vilivyofunguliwa. Hiyo haitibiwi na feni. Inataka saa za usiku zenye mipaka, na vibali vya ujenzi vinavyoizingatia njia ya kutua.