Je, Wajua? Jikoni, Cheti na Jinsia

Je, wajua kwamba enzi za ukoloni, jikoni katika nyumba nyingi za Wazungu huku magharibi mwa Nairobi, upande wa Spring Valley na Westlands, kazi ilikuwa ya wanaume? Mpishi mwanamume, dobi mwanamume, hata mtandika vitanda. Leo mwanamume akibisha geti Lower Kabete Road akitafuta kazi ya kupika na kufua, wengi watamtazama mara mbili.

Je, wajua kwamba kwa mila ya Wanandi, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, akahesabiwa mume wake? Shabaha ni uzao na urithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi. Anayeshikilia kwamba maswali haya ya jinsia yameletwa na Wazungu juzi aanzie hapo.

Je, wajua kisa cha Audrey Mbugua? Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, ya wavulana, akapata A-. Cheti kikabaki na jina la mvulana na alama ya kiume, ilhali yeye ni mwanamke transijenda, yaani alihesabiwa mvulana alipozaliwa lakini anajitambua kuwa mwanamke. Fikiria kuomba kazi kwa karatasi kama hiyo: alama nzuri zipo, lakini mwajiri anashindwa kuamini kuwa ni zako. Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Kanuni za mtihani, alibaini, hazikuilazimisha alama hiyo. Hapo ndipo ninaposhangaa kwa uchungu: miaka yote ile mtu alifungiwa milango kwa herufi moja ambayo sheria haikuidai.

Je, wajua kwamba Julai mwaka huohuo mahakama iliamuru shirika la watu transijenda, Transgender Education and Advocacy, lisajiliwe?

Huntha, yaani waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ni kundi jingine, na tusiwachanganye na transijenda. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza: 1,524 nchini. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ikamtaja mtoto huntha waziwazi.

Na je, wajua kwamba Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke transijenda fidia ya shilingi milioni 1? Alikamatwa mwaka 2019, akapekuliwa mwili kwa namna ya kumdhalilisha. Jaji Reuben Nyakundi hakuishia kwenye fidia. Aliitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye.