KWA NINI MGONJWA HUACHA TIBA YA MAZUNGUMZO?

Fungueni madaftari. Leo twajifunza juu ya tiba isiyo na sindano wala vidonge. Mgonjwa wa huzuni kubwa hukaa na mshauri, akasema yaliyo moyoni, wakatafuta pamoja njia ya kupata nafuu. Kazi hii haimaliziki siku moja.

Tuseme mama mmoja wa Muleba amefiwa na mtoto. Hapati usingizi, na shamba lake la migomba limejaa magugu. Anakwenda kwa mshauri Bukoba mara mbili. Mara ya tatu haonekani. Je, ni mvivu? Hasha! Sikilizeni sababu zake.

Kwanza, alitazamia dawa, akapewa maneno. Hakuna aliyemweleza kuwa mazungumzo ndiyo dawa yenyewe.

Pili, nauli ni ghali, na siku ya safari ni siku ya shamba iliyopotea.

Tatu, aogopa majirani watamwita mwenda wazimu.

Nne, alipolitaja jina la mtoto wake, alilia usiku kucha. Akadhani tiba yamzidishia ugonjwa. Lakini kidonda kikioshwa huuma, nacho kiko njiani kupona.

Wengine huacha kwa kuwa wamepata nafuu, au hawakupatana na mshauri.

Jambo hili si la Muleba tu. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi uliojumlisha tafiti 669. Ulionyesha kuwa karibu mgonjwa mmoja katika kila watano huacha mapema.

Je, twaweza kuwasaidia? Ndiyo. Mwaka 2002 jirani zetu wa Masaka na Rakai, Uganda, walikutana vijijini mwao, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Viongozi wao walikuwa watu wa huko huko waliofunzwa kazi hiyo. Huzuni yao ilipungua sana kuliko ya wale ambao hawakukutana.

Basi, ukitaka kuacha, usipotee kimya. Mwambie mshauri, “Nauli imenishinda,” au “Mazungumzo haya yaniumiza.” Aweza kubadili siku, kwenda polepole, au kukupeleka kwa mwingine. Nawe jirani, usimcheke mgonjwa. Msindikize.

Maswali:
1. Taja sababu mbili zilizomfanya mama yule asirudi.
2. Watu wa Masaka na Rakai walikutana wapi?
3. Wewe ungemwambia nini mama huyo?