Herufi za Kupigia Mbiu

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Katika gazeti, mgambo huo ni kichwa cha habari. Juma hili napenda tuzungumze juu ya aina moja ya herufi zinazopiga mbiu hiyo: herufi kubwa kwa kimo lakini zilizobanwa ubavuni, zilizolala kuelekea kulia, zenye vijiguu mwishoni mwa mistari yake. Vijiguu hivyo huitwa serifi.

Huko kulala kuna asili yake. Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa kitabu cha mashairi ya Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Ziliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia, na ndiyo maana mpaka leo huitwa italiki. Wakati huo kitabu kizima kilichapwa hivyo. Baadaye mlazo ukawa wa kutenga neno moja na mengine, kwa kuwa jicho lililozoea herufi zilizosimama hushtuka likikuta iliyolala.

Kubanwa nako kuna faida, hasa kwetu sisi wa Kiswahili. Chukua neno "hawajatufahamisha". Ni neno moja lenye herufi 17. Mwingereza husema hayo kwa maneno matano, akakata mstari wake penye nafasi apendapo. Sisi hatuna pa kukata. Katika safu nyembamba ya gazeti, mhariri ama apunguze ukubwa wa kichwa cha habari, ama atumie herufi zilizobanwa ili kimo kibaki na neno lienee.

Lakini kila chombo kina kazi yake. Herufi nyingi za namna hii zina mistari minene na mingine myembamba kama uzi. Zikiwa kubwa, hupendeza: bango la ngoma, jalada la riwaya, kadi ya harusi. Zikipunguzwa sana, ule uzi hukatika, na vijitundu vya "a" na "e" hujaa wino, hasa kwenye karatasi hafifu. Tarakimu 3 na 8 huanza kufanana. Katika tangazo la dansi, hasara yake ni kuukosa mlango. Katika karatasi ya maelezo ya dawa, mzazi anayesoma usiku kwa taa ya kibatari aweza kumpa mtoto vidonge visivyo idadi yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepeleka kazi kwa mchapaji, usiulize tu herufi ipi ni nzuri. Uliza itasomwa na nani, kwa ukubwa gani, na kwa mwanga upi. Mpiga mbiu hupaza sauti ili watu wakusanyike. Wakishakusanyika, huwaeleza jambo taratibu, wakamwelewa.