Mng'aro wa Poda Unatoka Wapi

Geuza kopo la poda ya uso usome maandishi madogo ya nyuma. Kwenye orodha ya viungo utakuta herufi CI zikifuatwa na tarakimu tano: 77491, 77492, 77499, 77891, 77019. Hizo ndizo rangi zenyewe. Tatu za kwanza ni oksidi za chuma, nyekundu, manjano na nyeusi. Ya nne ni weupe wa titani, na ya mwisho ni ulanga, au maika, unaoleta mng'aro. Mbele ya kopo maneno ni mepesi zaidi: "madini asilia, rafiki wa mazingira." Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria inayokataza sifa za jumla namna hiyo zisizo na ushahidi, na inaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026.

Tuanze na nyekundu. Udongo mwekundu anaojipaka morani ni oksidi ya chuma iliyochimbwa ardhini. Iliyomo kwenye rangi ya mdomo ya dukani kwa kawaida siyo hiyo. Udongo wa shimoni unaweza kuja na risasi, aseniki na zebaki, ndiyo maana sheria ya Marekani inaruhusu kwenye vipodozi oksidi za chuma za kiwandani tu, risasi isizidi sehemu 10 kwa milioni, aseniki na zebaki sehemu 3. Njia mojawapo ya kuzitengeneza ni kutumbukiza vyuma chakavu kwenye maji yenye salfeti ya chuma, kuyapasha moto na kupuliza hewa mpaka ipatikane kutu ya manjano. Kutu hiyo ikichomwa inageuka nyekundu. Basi "asilia" hapa haina ukweli, lakini chuma chakavu kilichopata kazi ya pili ni sifa ya kweli kabisa. Ajabu ni kwamba si sifa inayoandikwa mbele ya kopo.

Nyeupe ina historia chafu zaidi. Titani hutoka kwenye mchanga mzito kama ule wa Kwale, pwani ya Kenya, ambako Base Titanium ilisafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014 na kufunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Mchanga huo ni mweusi. Ili uwe mweupe lazima uyeyushwe kwa asidi kali ya salfa, au uchomwe pamoja na gesi ya klorini. Mwaka 1972 kiwanda cha Scarlino, Italia, kilimwaga baharini mabaki mekundu ya kazi hiyo, wavuvi wa Corsica wakaja juu, na mwaka 1978 Jumuiya ya Ulaya ikaweka kanuni za taka za titani. Siku hizi sehemu ya salfeti ya chuma inayobaki huuzwa, na nyingine hutengenezewa ile rangi nyekundu. Hata hivyo tusiwaonee watengeneza vipodozi: titani nyingi huishia kwenye rangi za nyumba, plastiki na karatasi.

Ulanga ndio wenye mambo. Hupasuka kuwa magamba membamba mno, kila gamba likapakwa utando wa titani. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na unene wa utando ndio unaoamua rangi ipi itakayopata nguvu. Ukiwa nanomita 50 hivi, jicho linaona fedha. Ukiongezwa kidogo, dhahabu. Ukizidi hapo, nyekundu, kisha buluu. Hakuna tone la rangi lililotiwa.

Madini haya si mageni kwetu. Milima ya Uluguru, Morogoro, ilichimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani. Lakini unaotajwa sana kwenye vipodozi ni wa India, kutoka Jharkhand na Bihar. Huko migodi mingi rasmi ilifungwa, familia zikabaki kuokota magamba kwenye vifusi na kuchimba mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 uchunguzi wa Thomson Reuters Foundation uligundua kwamba watoto wasiopungua saba walikufa humo ndani ya miezi miwili, na vifo vikafichwa. Watoto hufanya kazi hiyohiyo kusini mwa Madagaska.

Kampuni kadhaa, mojawapo Lush ya Uingereza, zimehamia ulanga wa kiwandani. Huo hutengenezwa kwa kuyeyusha silika, magnesia, alumina na chumvi ya florini kwenye joto la karibu nyuzi 1,400 za Selsiasi. Ni safi, na hauna mtoto shimoni. Ila tanuru la kuyeyushia linataka umeme au gesi, na magnesia yenyewe mara nyingi hupatikana kwa kuchoma mawe yanayotoa kaboni dioksidi. Anayeuandika kuwa rafiki wa mazingira bila kusema tanuru lake linaendeshwa na nini, amejibu swali la watoto akaruka la moshi.

Na hata la watoto limejibiwa nusu. Mnunuzi akiondoka Jharkhand, familia haipati kazi nyingine; inauza magamba yaleyale kwa dalali, kwa bei ya chini zaidi, kwenda viwanda vya rangi za magari na vifaa vya umeme ambako hakuna anayesoma orodha ya viungo. Shirika la Responsible Mica Initiative, lililoanzishwa Paris mwaka 2017, linazitaka kampuni zibaki, zifuatilie mzigo mpaka shimoni na kusaidia kipato cha wachimbaji. Mimi naegemea upande huo, ingawa ni kazi ndefu kuliko kubadilisha maneno ya kopo: mzigo wa mashimo mengi huchanganywa kwa dalali kabla haujafika kiwandani, na hapo ndipo ufuatiliaji unapokatikia.